Harufu ya Unga na Nondo wa Ghalani: Jinsi Chakula Kinavyomwita Mdudu Atagaye

0. Utangulizi

Kila mwenye kuweka akiba ya unga nyumbani anakijua kisa hiki. Gunia lilinunuliwa likiwa safi, likafungwa kwa kamba, likawekwa juu ya mbao pembeni mwa chumba. Baada ya majuma machache mama wa nyumba anafungua gunia ili achote unga wa kupikia bukari, na badala ya unga kumiminika, unatoka umeshikamana madonge madonge kwa nyuzi laini kama za buibui. Ndani ya nyuzi hizo wamo viwavi weupe wenye vichwa vya rangi ya hudhurungi. Jioni, taa inapowashwa, wadudu wadogo wenye mabawa ya rangi ya vumbi huonekana wakiruka kwa kuyumbayumba karibu na dari. Watu hutikisa kichwa na kusema: «Unga umeota wadudu.»

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba usemi huo, ingawa umezoeleka, unatuficha jambo lenye manufaa makubwa kwa maisha yetu ya kila siku. Unga hauoti wadudu, unawaita. Unawaita kwa harufu yake, na anayeitika ni mdudu jike aliyekwisha kupandwa, mwenye mayai tayari tumboni. Akielewa vema mwito huo unatoka wapi na unafikaje, mwenye akiba anaweza kuupunguza au kuuzima kabisa. Asipouelewa atapoteza wakati wake akiwafukuza wadudu anaowaona, huku wale asiowaona wakiendelea kula.

Jambo hili si dogo. Katika mkoa wa Haut-Katanga mahindi huvunwa kuanzia mwezi wa nne na wa tano, mvua zinapokwisha. Kile kinachowekwa wakati huo ndicho kinachotazamiwa kufika hadi mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka ufuatao, wakati mashamba yangali mabichi na bei ya unga imepanda sokoni. Kiwavi anayekula akiba hiyo anakula chakula cha miezi ile migumu.

1. Neno kuhusu majina

Kwa kuwa jarida letu ni la lugha, inafaa tuanze na maneno. Kiswahili sanifu kina majina kadhaa ya wadudu waharibuo nafaka, nayo hayana maana moja. Fukusi ni mdudu mgumu mdogo, jamii ya mbawakawa, anayetoboa punje nzima. Nondo ni mdudu laini mwenye mabawa manne yaliyofunikwa na vumbi la magamba madogo sana. Ni ndugu wa kipepeo, ila yeye huruka jioni na usiku. Msomaji asichanganyikiwe na maana nyingine za neno hilo, yaani joka kubwa la hadithi na vyuma vya kuimarishia zege. Mtoto wa nondo huitwa kiwavi. Maneno buu na funza hutumika mara nyingi kwa watoto wa nzi, ingawa katika mazungumzo mipaka hiyo haizingatiwi sana.

Nondo wanaoishi katika vyakula vilivyohifadhiwa ni wa aina nyingi. Hapa tutawazungumzia hasa wawili. Wa kwanza wataalamu humwita *Plodia interpunctella*. Anatambulika kwa urahisi: bawa lake la mbele lina rangi ya kijivu hafifu karibu na kiwiliwili, na sehemu iliyobaki ina rangi ya shaba. Wa pili ni *Ephestia cautella*, nondo wa maghala ya nchi za joto, mwenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi. Huyu hushambulia mahindi, karanga, matunda makavu na mbegu za kakao.

Jina la Kiingereza la *Plodia* lina historia inayowahusu wasomi wa Kiswahili. Tukilifasiri neno kwa neno, ni «nondo wa unga wa Kihindi». Mtu angedhani kwamba mdudu huyu ametoka Bara Hindi. Sivyo. Mwaka 1856 mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Asa Fitch, alimkuta ndani ya unga wa mahindi, ambao Wamarekani wa wakati ule waliuita unga wa «Wahindi», wakimaanisha wenyeji wa Amerika, waliopachikwa jina hilo tangu Kolombo alipodhani kwamba amefika Hindi. Nasi tunapolitamka neno letu mahindi, tunaitaja Hindi hiyo hiyo kwa nafaka ambayo asili yake ni Amerika. Lugha mbili zilizo mbali zimeupa mmea mmoja jina la nchi isiyo yake. Kwa hiyo nondo wa «unga wa Kihindi» ni, kwa Kiswahili chepesi, nondo wa unga wa mahindi, na hilo ndilo jina linalomfaa.

2. Maisha mafupi ya nondo na kazi ya jike

Ili kuelewa nguvu ya harufu, ni lazima kwanza tuelewe maisha ya mdudu mwenyewe. Maisha hayo yana hatua nne: yai, kiwavi, bundo ndani ya kifukofuko cha hariri, na hatimaye nondo mwenye mabawa. Katika joto la digrii 30 hivi hatua zote hukamilika kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Katika baridi mambo huchelewa sana, na mzunguko mmoja waweza kuchukua miezi kadhaa.

Anayekula ni kiwavi peke yake. Nondo mwenye mabawa hali chakula chetu. Huishi siku chache, kwa kawaida juma moja au mawili, akitumia nguvu alizojiwekea alipokuwa kiwavi. Jambo hili lapaswa kushikwa vema, kwa maana linaleta swali. Ikiwa nondo hali, kwa nini harufu ya chakula imvute? Jibu ni kwamba jike hanusi kwa ajili ya njaa yake, bali kwa ajili ya watoto wake. Kiwavi anapotoka katika yai ni mdogo mno, hana mabawa, na hawezi kusafiri mbali kutafuta chakula. Mahali mama alipotaga ndipo penye uzima wake au kifo chake. Hivyo majike wenye pua hodari waliacha watoto wengi, na wale wenye pua dhaifu wakaacha wachache au wasiache kabisa. Kizazi baada ya kizazi, kazi ya kunusa imenolewa hivyo.

Jike mmoja hutaga mayai kati ya 100 na 400, na sehemu kubwa ya mayai hayo huyataga katika siku za kwanza baada ya kupandana. Yai halifiki nusu milimita. Jicho la mtu haliwezi kulitofautisha na chembe ya unga. Tufanye hesabu ya mfano tu. Jike mmoja anataga mayai 200, nusu yao wakawa majike, na tuseme kwamba tisa kati ya kila kumi wanakufa. Wanabaki majike 10. Mwezi wa pili wanakuwa 100, na mwezi wa tatu 1000. Lubumbashi baridi ya mwezi wa sita na wa saba huwapunguzia wadudu kasi, kisha mwezi wa kumi huja na joto kuliko miezi yote. Jike aliyetaga mwanzoni mwa mwezi huo aweza, kwa hesabu hii, kuwa na kizazi cha majike 1000 mwezi wa kwanza unapoanza. Ndiyo sababu uharibifu hutujia kama ajali ya ghafula, ilhali ulianza kimya kimya muda mrefu kabla ya hapo.

3. Harufu inatoka wapi?

Harufu si kitu kisicho na mwili. Ni molekuli, yaani chembe ndogo sana za maada, zinazoachana na chakula na kuelea hewani. Kila chakula hutoa mchanganyiko wake wa molekuli, na mchanganyiko huo ndio tunaoutambua tunaposema kwamba hiki kinanukia karanga na kile kinanukia kahawa.

Punje nzima ya mahindi, iliyokauka vizuri na isiyo na ufa, hutoa harufu kidogo tu. Ganda lake limeyafungia mafuta ndani ya kiini. Mambo hubadilika mashine ya kusaga inapoipasua. Kiini husagika, mafuta yake hupakaa chembe zote za unga, na hewa huyafikia kwa urahisi. Oksijeni ya hewa huanza kuyavunja mafuta hayo, na vipande vinavyotokana na uvunjaji huo ni vyepesi, hivyo hupaa. Kimojawapo ni nonanali, ambayo hutokana na asidi ya oleiki, mojawapo ya asidi kuu za mafuta ya mahindi na ya karanga. Kwa pua ya binadamu, kuzidi kwa harufu za namna hiyo ndiko kunakoitwa kuvunda kwa unga. Kwa nondo jike ni tangazo kwamba hapa pana mafuta, wanga na protini, tena vimekwisha kusagwa, hata kinywa kidogo cha kiwavi kinaweza kuvila.

Kumbe kitendo kile kinachotufaa sisi, yaani kusaga, kinamfaa pia kiwavi wa *Plodia*. Yeye si mtoboaji hodari wa punje ngumu. Hustawi zaidi penye unga, pumba, chenga na punje zilizovunjika. Kuna nondo mwingine, *Sitotroga cerealella*, ambaye kiwavi wake huingia ndani ya punje nzima na kukulia humo. Nondo huyo alichunguzwa huko Ufaransa, jimbo la Angoumois, na Duhamel du Monceau pamoja na Tillet, waliochapisha kitabu chao mwaka 1762. Lakini huyo ana desturi zake. Yule wa unga hutegemea milango iliyokwisha kufunguliwa na jiwe la kusagia.

Kakao nayo ni mfano mwema. Huko Beni na Mambasa, mashariki ya nchi yetu, mbegu za kakao huchachushwa na kukaushwa kabla ya kuuzwa. Uchachushaji huo ndio chanzo cha harufu nzuri itakayokamilika kiwandani mbegu zikaangwapo. Ndio pia unaoifanya kakao isikike mbali kwa pua ya *Ephestia*, nondo anayejulikana sana katika maghala ya kakao. Mfanyabiashara anayechelewesha magunia yake ghalani kwa kungoja bei ipande, au barabara ipitike, anampa nondo huyo nafasi ya kuisikia.

4. Jinsi nondo anavyonusa

Nondo hana pua kama yetu. Harufu huipokea kwa vipapasio vyake viwili vilivyo kichwani. Kila kipapasio kimejaa vinyweleo vidogo sana, na kila kinyweleo kina matundu yanayopitisha molekuli za harufu. Molekuli ikiingia hukutana na majimaji, hubebwa na protini maalumu, kisha hufika kwenye ncha ya seli ya neva. Seli hiyo hupeleka habari ubongoni kwa njia ya umeme hafifu. Mwaka 1957 Mjerumani Dietrich Schneider alibuni njia ya kuupima umeme huo moja kwa moja katika kipapasio cha mdudu. Tangu hapo wataalamu wameweza kumwuliza mdudu, bila maneno, ni harufu ipi anayoisikia na ipi asiyoisikia.

Lakini kusikia harufu ni jambo moja, na kuifikia asili yake ni jambo jingine. Harufu haienei hewani sawasawa kama rangi katika maji yaliyotulia. Husafiri katika nyuzi na mafungu, kama moshi wa sigara unavyokatikakatika katika upepo. Nondo akikutana na uzi wa harufu, hugeukia upande upepo unakotokea na kuruka kuukabili. Akiupoteza, huacha kwenda mbele, huyumba kushoto na kulia mpaka aupate tena. Huko kuyumbayumba tunakokuona chini ya dari, na tunakodhani ni udhaifu wa mabawa, mara nyingi ni utafutaji wenye utaratibu. Mkondo hafifu wa hewa upitao chini ya mlango wa stoo wamtosha.

Akisha kukaribia, alama nyingine huongezeka. Hugusa kwa miguu na kwa ncha ya tumbo, hupima uso wa kitu, kisha hutaga. Wala si lazima aufikie unga wenyewe. Akizuiwa na kitambaa cha gunia huweza kuyaacha mayai juu yake au katika mishono yake. Viwavi wachanga hutambaa wakifuata chakula na kupenya katika nafasi ambazo sisi tungeapa kwamba zimefungwa.

5. Ushahidi wa majaribio

Wazo kwamba harufu ndiyo imwitayo mdudu atagaye lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1668 daktari Mwitalia Francesco Redi alichapisha majaribio yake juu ya nyama na funza. Aliweka nyama katika vyombo vilivyo wazi na katika vingine vilivyofunikwa kwa kitambaa chepesi. Katika vyombo vya wazi funza walitokea; katika vilivyofunikwa hawakutokea ndani ya nyama. Lakini nzi walikuja hata hivyo, wakazunguka juu ya kitambaa na kutaga hapo. Redi alikuwa anapinga imani kwamba nyama huzaa funza, imani ambayo ni ndugu wa usemi wetu kwamba unga huota wadudu. Kwa kufanya hivyo alionyesha pia kwamba kizuizi kinachopitisha harufu humzuia mdudu kufika, ila hakimzuii kuja.

Kwa nondo wa ghalani majaribio ya karibuni yamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, nchini Sweden, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya *Plodia* na *Ephestia* mbele ya chokoleti. Waliwaweka nondo katika njia ndefu iliyofunikwa, yenye upepo wa taratibu unaopita juu ya chokoleti, wakaona kwamba wanaruka kuukabili upepo na kuifuata harufu. Kisha waliitenganisha harufu hiyo sehemu kwa sehemu na kupima ni zipi zinazoamsha vipapasio. Miongoni mwa zilizoonekana kuwa na nguvu ni nonanali tuliyokwisha kuitaja, fenilasetaldehidi ambayo hutokea vyakula vikaangwapo, na vanilini ya ethili ambayo huongezwa na viwanda kwa ajili ya ladha. Ilibainika pia kwamba mchanganyiko ndio unaofanya kazi. Mdudu hasomi herufi moja moja, husoma neno zima.

Tukumbuke kwamba nondo hakuumbwa akingojea chokoleti, kitu kilichobuniwa na binadamu jana tu. Anachofuata ni dalili za mbegu zenye mafuta, na kiwanda kimezikusanya dalili hizo mahali pamoja kwa wingi kuliko msitu wowote.

6. Harufu ya viwavi wenyewe

Kuna harufu nyingine inayojiunga na ile ya chakula. Katika miaka ya 1970 mtafiti Sarah Corbet alichunguza viwavi wa nondo wa unga wa ngano, *Ephestia kuehniella*, ndugu wa karibu wa wale tuliowataja. Aligundua kwamba viwavi hao hutoa majimaji katika tezi zilizo karibu na taya zao, hasa wanapokutana wao kwa wao. Majimaji hayo huwachochea majike kutaga. Maana yake yaeleweka: mahali ambapo viwavi wachache wanaishi, chakula kimekwisha kuthibitika kuwa chema.

Hapa pana funzo kwa mwenye stoo. Gunia lenye viwavi wachache si hatari kwa unga uliomo tu. Linanukia viwavi, na harufu hiyo inazidi kuita. Kuliacha pembeni «kwa ajili ya kuku» karibu na magunia mapya ni kuweka mwito juu ya mwito.

Lakini harufu hiyo hiyo humsaliti kiwavi. Corbet alionyesha kwamba nyigu mdogo aitwaye *Venturia canescens* huitambua na kuitumia. Nyigu huyo huchoma sindano yake ndani ya unga, hupata kiwavi, na kutaga yai ndani ya mwili wake. Mtoto wa nyigu atakua kwa kumla kiwavi huyo. Hivyo chembe zile zile za hewa husomwa na wasomaji wawili: nondo huzisoma kama habari ya chakula cha watoto wake, na nyigu vilevile. Nyigu mdogo mweusi anayeonekana ndani ya stoo yenye viwavi basi si wa kuuawa ovyo.

7. Yanayofuata kwa mwenye akiba

Watu wengi wamesikia habari za mitego ya nondo inayouzwa madukani, yenye gundi na kidonge cha harufu. Ni vema kujua kidonge hicho kinamwita nani. Mara nyingi harufu yake ni ile ambayo jike bikira huitoa ili kuita dume. Iligunduliwa mwaka 1971, na *Plodia* na *Ephestia* wanaitumia kwa pamoja kama sehemu kuu ya mwito wao. Mtego huo kwa hiyo hunasa madume. Unafaa sana kutujulisha kama nondo wapo na kama wanaongezeka. Lakini dume mmoja aweza kupanda majike kadhaa, na jike aliyekwisha kupandwa haujali mtego huo hata kidogo. Yeye ameacha kutafuta mume na sasa anatafuta chakula. Ndiyo maana wataalamu wanazichunguza harufu za vyakula: wanataka chambo kitakachomnasa jike kabla hajataga.

Wakati chambo hicho kinatafutwa, maelezo tuliyoyatoa yanatosha kutuongoza katika mambo kadhaa.

Kwanza, punje huita kidogo na unga huita sana. Anayeweza kuhifadhi mahindi yakiwa punje nzima zilizopepetwa, na kusaga kiasi cha majuma mawili au matatu tu, amepunguza mwito bila kununua kitu chochote. Bado atapaswa kujilinda na fukusi pamoja na nondo yule wa Angoumois, wasioogopa punje nzima, lakini atakuwa amepunguza maadui.

Pili, chombo kinachofungika barabara, kama ndoo yenye kifuniko cha kukaza au pipa la plastiki, kina faida mbili: kinamzuia mdudu kuingia na kinazuia harufu kutoka. Gunia la nyuzi halina faida hizo. Linafanana na kitambaa cha Redi. Mfuko mwembamba wa plastiki nao hautoshi, kwa sababu viwavi wa *Plodia* wanaweza kuutoboa kwa meno. Ipo pia mifuko mizito ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa, ambayo chanzo chake ni kazi ya watafiti wa chuo kikuu cha Purdue waliohangaikia kunde za Kameruni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndani ya mifuko hiyo wadudu waliokwisha kuingia huimaliza oksijeni na kushindwa kuendelea. Sharti lake ni kwamba nafaka iwe imekauka vizuri, unyevu wake usizidi asilimia 13 hivi. La sivyo mtu atakimbia nondo na kuangukia ukungu.

Tatu, vumbi la unga wa zamani lililo katika nyufa za sakafu, katika mishono ya magunia matupu na chini ya mbao ni chakula na ni mwito. Kufagia stoo na kuyakung'uta magunia juani kabla ya mavuno mapya ni kazi ndogo yenye tija kubwa. Viwavi waliokomaa nao huacha chakula na kupanda ukutani ili wajifunge katika vifukofuko; kwa hiyo pembe za dari zisisahauliwe.

Nne, wakati. Kazi hii ifanyike katika miezi ya baridi, wadudu wangali wachache na wazito, isingoje joto la mwezi wa kumi. Anayeanza kupambana mwezi wa kumi na mbili anapambana na wajukuu.

Tano, chakula kilichokwisha kuingiwa kitengwe siku hiyo hiyo. Kama ni kiasi kidogo na pana friji yenye sehemu ya kugandisha, siku kadhaa katika baridi ya digrii 18 chini ya sifuri huua mayai na viwavi. Pasipo umeme, punje zaweza kuanikwa nyembamba juani na kugeuzwa mara kwa mara, kwa maana joto la digrii 50 likidumu kwa saa kadhaa hawalivumilii.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba nondo wa ghalani haji kwa bahati wala hazaliwi na unga. Jike huletwa na molekuli zinazotoka katika chakula chenyewe, hasa kinapovunjwa na mafuta yake kuguswa na hewa. Huzifuata kwa kuukabili upepo, na hutaga mahali watoto wake watakapokula. Baadaye harufu ya watoto hao huwaita majike wengine, nayo pia humwonyesha nyigu njia.

Usemi «unga umeota wadudu» hautatoka kinywani mwetu kwa sababu ya makala moja, wala si lazima utoke. Lugha huhifadhi mengi ambayo sayansi imeyaacha, kama vile inavyohifadhi Hindi ndani ya mahindi. Lakini anayeusema akijua maana yake atatenda tofauti na asiyejua. Hatasubiri kuwaona wadudu wakiruka karibu na taa. Ataanza pale wanapoanzia, penye ufa wa sakafu, penye mshono wa gunia, penye kifuniko kisichokaza, yaani popote ambapo chakula cha nyumba yake kinatoa harufu nje.